Njia za Usambara Nazo ni Zetu

Anapotajwa mtalii mbele ya mwananchi wa Visiwani, fikira zake huelekea pwani mara moja: mchanga mweupe, ngalawa, na nyumba za makuti zilizopangwa kukabili machweo. Hatushangai, kwani ndiko alikozoea kukutana naye. Lakini ng'ambo ya mkondo wa Pemba, nyuma ya mji wa Tanga, iko milima ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikiwavuta wasafiri wa namna nyingine kabisa, wale wasiotaka kulala juani bali kutembea kwa miguu siku tatu au nne, wakitoka kijiji hadi kijiji na msitu hadi msitu. Milima hiyo ni Usambara.

Leo tunaiandika habari yake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mambo yanayowafika watu wa milima ile hayana tofauti kubwa na yale yaliyotufika sisi pwani, na jirani aliyekwisha kuungua hana budi kumwonyesha mwenzake lilipo kaa la moto. Ya pili ni aibu. Tulikwenda kuitembelea wenyewe, na usiku wa pili, katika nyumba tuliyolala, tuliletewa daftari la wageni tuandike majina yetu. Tulifunua kurasa nyingi nyuma. Wamo Wajerumani, Waholanzi, Waingereza na Wafaransa. Wamo hata vijana wachache wa Dar es Salaam. Wa Unguja au Pemba hatukumwona hata mmoja.

Zamani haikuwa hivyo. Katika karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa ukoo wa Kilindi aliyekaa Vugha, alikuwa na maneno na mapatano na watawala wa Unguja kuhusu miji ya pwani iliyo chini ya milima yake, na wafanyabiashara wa pwani walizijua njia za kupandia kwake. Mmisionari Krapf alifika Vugha mwaka 1848. Burton na Speke, kabla ya safari yao kubwa ya maziwa, walianzia Unguja na kupanda huko mwanzoni mwa mwaka 1857, na Burton ameandika kwamba mfalme yule, aliyekuwa mzee sana, aliwaomba dawa ya kumrudishia afya na nguvu za ujana. Hawakuwa nayo. Na kitabu mashuhuri kuliko vyote juu ya milima ile, Habari za Wakilindi, kiliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi liAjjemy, kikapigwa chapa Msalabani, chini ya milima hiyo hiyo, kwa mitambo ya misheni ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa Unguja. Basi mtu wa Visiwani anayedhani kwamba Usambara haimhusu amesahau maktaba yake mwenyewe.

Tulianza Lushoto, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Kutoka Mombo, palipo barabara kuu, gari hupanda kwa mizunguko kupita Soni, na aliyezoea joto la pwani huanza kutafuta sweta kabla hajafika. Siku ya kwanza tuliingia msitu wa Magamba. Hatutajaribu kuueleza kwa maneno ya mashairi. Tutasema tu kwamba mti mmoja ulihitaji watu watatu kuukumbatia. Kwamba ardhi ilikuwa na maji ingawa mvua haikuwa imenyesha siku hiyo, kwani ukungu unaotoka bahari yetu ya Hindi hunaswa na majani na kudondoka kama mvua. Na kwamba mbega, weusi kwa weupe, waliruka juu ya vichwa vyetu bila kutujali. Kijana aliyetuongoza alijua majina ya miti kwa Kishambaa na matumizi ya kila mmoja: huu wa mpini, huu wa tumbo, huu haukatwi. Tulipomwuliza kwa nini haukatwi alijibu kwamba babu yake hakumweleza sababu, alimkataza tu.

Msitu ukiisha, unaisha ghafla kama ukingo wa meza. Hapo huanza mashamba. Kila mteremko, hata ule ambao mbuzi angeufikiria mara mbili, umelimwa kabichi, karoti, viazi, maharage na pilipili hoho. Mboga hizo hushushwa kwa malori hadi Dar es Salaam, na nyingine huvuka bahari hadi masoko yetu. Mama anayepanga karoti zake Darajani na mama anayezivuna Lukozi hawajapata kuonana, lakini riziki zao zimefungwa kwa kamba moja. Sisi wenyewe tulikuwa tumezila karoti zile miaka mingi bila kufikiri kwamba kuna mtu aliyezibeba kichwani kupanda kilima kabla lori halijaziona.

Siku ya pili tulilala Rangwi, kwa watawa, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiwapokea watembeao. Siku ya tatu tulifika Mtae. Kijiji hicho kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na nyumba nyingine zina bonde nyuma na bonde mbele. Chini kabisa, mbali sana, ni nyika ya Mkomazi, nyekundu na kavu, na ukiitazama unafahamu kwa jicho moja msitu unafanya kazi gani. Tuliambiwa kwamba siku ya hewa safi Kilimanjaro huonekana. Haikuonekana. Badala yake tulipata adhana ya magharibi ikipanda kutoka msikitini kupitia ukungu, na wazee wakatukaribisha kuswali na baadaye kula, wakatuuliza habari za karafuu. Mtu wa Visiwani hawi mgeni kule. Lugha ni moja, salamu ni zile zile, na adabu ya kumwamkia mkubwa bado haijapungua.

Sasa tuseme lile tulilokusudia kulisema.

Katika kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja, tulikaa na mwenyekiti kwenye benchi nje ya ofisi yake. Tulimwuliza: wageni wanaopita hapa, kijiji kinapata nini? Alifikiri kidogo, akacheka, akasema: "Kinapata salamu." Kisha akaeleza bila hasira. Mgeni hulipa fedha zake mjini, au katika nchi nyingine kabisa kabla hajapanda ndege. Ada ya msitu huingia Serikalini. Kijana anayeongoza hupata posho yake, na mama anayepika hupata chake siku ile. Lakini njia, ambayo ndiyo mgeni aliyoijia, hutengenezwa na wanakijiji kwa majembe yao. Wao huweka miti kwenye kijito daraja linapochukuliwa na mvua za masika. Na watoto wao hukatazwa kuingia msituni kutafuta kuni ili mgeni aone msitu. Mwenyekiti hakuwa akiomba sadaka. Alikuwa akiuliza swali la hesabu.

Swali hilo lina historia ndefu kule, na viongozi wa Serikali wanaohusika na misitu wanaijua vizuri kuliko sisi. Wakati wa ukoloni, kuanzia mwaka 1946, Waingereza walianzisha huko Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia maji kwenye mashamba yao, kina mama wakiwa ndio wachimbaji wakubwa, na asiyechimba alishtakiwa. Huenda wataalamu walikuwa na haki juu ya udongo. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji kweli. Lakini watu waliukataa mpango ule, wakaupinga mpaka ukavunjika kabla ya Uhuru. Hawakuupinga kwa sababu walipenda ardhi yao iliwe na maji. Waliupinga kwa sababu walipewa kazi bila kupewa kauli.

Na liko la karibu zaidi, upande wa Usambara Mashariki, ambako nako tulifika. Huko ndiko Amani, mahali ambapo Wajerumani walifungua mwaka 1902 taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda miti kutoka pembe nyingi za dunia. Stesheni ya reli yao ndogo ya kubebea magogo bado iko Sigi, na imegeuzwa kuwa mahali pa kupokelea wageni. Ni misitu ya milima hii iliyotoa lile ua dogo la zambarau ambalo leo limo katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Mkuu wa Wilaya ya Tanga wa wakati huo, von Saint Paul-Illaire, alilichukua mwaka 1892 na jina lake likabaki kwenye ua. Je, wangapi kati ya wale wanaolimwagilia maji wanajua kwamba ni la Tanga? Wataalamu wanaeleza kwamba misitu hii ni ya kale mno, na kwa kuwa kila mlima umejitenga kama kisiwa, viumbe vingi vilivyomo havipatikani popote pengine. Yuko kinyonga mwenye pembe tatu puani aliyepewa na wataalamu jina la Derema.

Derema hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza. Baada ya magogo mengi kukatwa katika Usambara Mashariki miaka ya 1970 na 1980, Serikali iliusimamisha ukataji ule, na mwaka 1997 ikatangaza Hifadhi ya Mazingira ya Amani, yenye hekta 8,380. Uamuzi huo tunauunga mkono bila kusita. Mto Zigi, unaowanywesha watu wa mji wa Tanga, hutoka humo. Lakini kati ya misitu hiyo ulikuwapo ukanda wa Derema, na chini ya miti yake wananchi walikuwa wakilima iliki. Iliki, ndugu wasomaji, hupenda kivuli. Mkulima hufyeka vichaka vya chini na kuiacha miti mikubwa. Msitu huonekana mzima kwa mbali, lakini miche ya miti haioti tena, na miti mikubwa ikifa haina warithi. Wataalamu hawakukosea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima zaidi ya elfu moja waliambiwa waiache iliki yao ili ukanda ule uunganishe misitu ya upande huu na ule. Fidia ililipwa, lakini ilichukua miaka, na wengi walilalamika kwamba ilikuwa ndogo kuliko shamba walilolipoteza, maana iliki ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto na kuezeka nyumba.

Sisi tunaokunywa chai ya iliki asubuhi na jioni, na tusiokubali pilau isiyonukia, tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza mkulima yule alikwenda wapi. Tunajua wenyewe maana ya kutegemea zao moja. Kumwondoa mtu kwenye iliki na kumwambia asubiri watalii ni sawa na kumwondoa mtu wetu kwenye mkarafuu na kumpa picha ya mkarafuu.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu mikataba ya usimamizi wa pamoja baina ya Serikali na vijiji, na inaruhusu vijiji kuwa na misitu yao wenyewe. Amani iliwekewa utaratibu wa kuvipa vijiji jirani sehemu ya mapato ya wageni, na tulionyeshwa darasa ambalo tuliambiwa limejengwa kwa fedha hizo. Lakini sheria njema iliyo kabatini haitengenezi daraja, na kilicho haki katika mlima mmoja hakiwezi kuwa bahati katika mlima wa pili.

Hapa tunayo haki ya kusema, kwani kwetu jambo hili limejaribiwa. Misitu si jambo la Muungano, na Zanzibar imeufuata mwendo wake. Jozani, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka, kulikuwa na ugomvi wa miaka mingi baina ya wakulima na kima punju, ambaye kwa asili hapatikani popote duniani ila Unguja. Mgeni alikuja kumpiga picha kima. Kima alikula mazao ya mkulima. Mkulima hakupata kitu ila hasara. Tangu miaka ya 1990 ulianzishwa utaratibu wa kutoa sehemu ya kiingilio cha wageni kwa wakulima waliopata hasara na kwa miradi ya vijiji vinavyouzunguka msitu. Haujakamilika, yapo malalamiko, na hesabu hazikosi maswali. Lakini mkulima aliyekuwa akimwita kima yule adui sasa humhesabu, na anapomhesabu hamtupii mawe.

Tukiwa wakweli, tuseme pia tulipokosea. Ziko sehemu za pwani yetu ambako mvuvi huzunguka ukuta mrefu ili aifikie pwani aliyozaliwa, na ambako njia ya zamani ya kwenda kisimani imekuwa bustani ya wageni. Hayo hayakutokea siku moja. Yalianza kwa kiwanja kimoja kilichouzwa kwa bei iliyoonekana kubwa, na mzee aliyetia dole gumba kwenye karatasi asiyoisoma. Kule Mtae tulionyeshwa ukingo wenye mandhari nzuri kuliko yote, tukaambiwa kwamba wamekwisha kuja watu kuuliza bei. Tuliposikia hivyo tulinyamaza, maana tulikuwa tumesikia sentensi hiyo hiyo, kwa sauti hiyo hiyo, Nungwi na Kiwengwa.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Serikali, wa Mkoa, wa Wilaya na wa misitu, walitazame jambo hili sasa, wageni wakiwa bado wanakuja kwa makumi na si kwa maelfu. Tunaomba kwanza kwamba kiasi kinachokusanywa kwa kila msitu, na kiasi kinachorudi kwa kila kijiji, kibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili na kwa tarakimu ambazo mzee wa darasa la nne ataweza kuzisoma. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji karatasi na gundi. Tunaomba pia kwamba njia ya miguu ihesabiwe kuwa mali ya kijiji inapopita kijijini, na wanaoitengeneza walipwe kutokana na wale wanaoitumia. Vijana waongozaji wanaojua majina ya miti wapewe vyeti kwa elimu hiyo, hata kama Kiingereza chao kinachechemea. Tumewaona waongozaji wa Kiingereza fasaha wasioujua mti mmoja. Na ardhi ya ukingoni, Mtae na kwingineko, isigawiwe kwa mtu wa nje kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakaa na kusikia, kwa lugha yao, ni nini hasa kinachouzwa. Afisa atakayetaka kujua gharama ya kulipuuza hilo na aje kwetu. Tutampeleka pwani, atembee tu kutoka ncha hii hadi ile.

Wageni nao wanalo lao. Mavazi yanayofaa ufukweni hayafai kwenye njia inayopita mbele ya chuo cha Kurani, na mtoto hapigwi picha kama mti. Jambo hili tumelisema juu ya Mji Mkongwe mpaka tumechoka. Wenzetu wa milimani, kwa ukarimu wao, hawalisemi kabisa. Na mwongozaji ndiye anayebaki kuona haya kwa niaba ya wote.

Tunarudi kwenye daftari lile la wageni. Tunatoa rai kwa Wizara ya Elimu ya Zanzibar na kwa walimu wakuu wa skuli zetu, hasa za Pemba, ambako kufika Tanga ni kuvuka mkono wa bahari wa kilomita kama 50. Wanafunzi wetu hufundishwa jiografia ya milima, mvua na mmomonyoko kwa michoro ya ubaoni. Wengi wao hawajapata kuona mlima hata mmoja. Kila mwaka kikundi cha wanafunzi 20 na walimu wawili, wenye viatu madhubuti na sweta za kuazima, wangeweza kutembea kutoka Lushoto hadi Mtae, wakilala vijijini na kulipa vijijini. Mwananchi hulipa ada ndogo sana kuliko mgeni wa nje kuingia msituni, na nyumba za kulala si za anasa. Watajua karoti inatoka wapi. Watauona msitu unaotengeneza maji kwa ukungu wa bahari yao. Na wenzao wa Usambara wakaribishwe Ngezi na Jozani mwaka unaofuata, kwani tuliwakuta huko vijana wa sekondari ambao, wakiishi juu ya kilele ambacho wageni hulipia ili wakikanyage, hawajapata kuiona bahari.

Wakati mzuri ni baada ya masika kwisha, mwezi wa Julai, udongo ukiwa umekauka na hauchukui miguu. Gazeti hili liko tayari kupokea barua kutoka kwa skuli yoyote itakayotaka kuanza, na tutaieleza njia tuliyopita, mahali tulipolala, na kiasi tulichotumia, senti kwa senti.